Katalogi ya Milango ya Nakshi kwa Kiebrania: Yaliyonipata Kazini

Mfanyabiashara mmoja wa Jaffa, huku Israeli, anayeuza samani za mbao jirani na soko la mitumba la huko, alikuwa na katalogi ya Kiingereza na akaitaka kwa Kiebrania kabla ya msimu wa sikukuu. Ndani yake mlikuwa na milango mipya iliyochongwa Zanzibar, makasha, meza, viti na fremu za vioo kutoka Gujarat. Mtu alikuwa amemwambia kwamba Yerusalemu yupo Mtanzania anayetafsiri, na kwamba milango ya Zanzibar anaijua. Hilo la pili lilikuwa kweli nusu. Mimi ni wa Tanga. Milango ya nakshi nimeiona tangu utotoni, Pangani na Unguja, lakini kuona mlango na kujua jina la kila kipande chake ni mambo mawili.

Nieleze na Kiebrania changu nilikipata wapi, maana matatizo mengi yalianzia hapo. Cha kwanza nilikisoma chuo cha theolojia nyumbani, Kiebrania cha Biblia, kwa kukariri minyambuliko ya vitenzi hadi usiku wa manane. Cha pili nilikisoma baada ya kuolewa huku, kwenye ulpan, zile shule za kufundishia wageni Kiebrania, ambako siku ya kwanza tu niligundua kwamba ninaweza kusoma kitabu cha Kutoka lakini siwezi kununua nyanya. Kwa miaka hivi viwili vimekaa kichwani mwangu pamoja bila kugombana. Katalogi ndiyo iliyovigombanisha.

Nilipoifungua nikakutana na 'ornate'. Ukurasa wa pili, 'ornate' tena, safari hii na 'intricate' kando yake. Mbele zaidi 'elaborate', 'lavish', 'embellished', 'richly decorated'. Aliyeiandika alikuwa na maneno sita ya kusema kwamba kitu kimerembwa sana, na akayazungusha kutoka bidhaa hadi bidhaa bila kutazama bidhaa yenyewe. Kwa Kiingereza cha biashara hayo hayamsumbui msomaji. Macho yake yanateleza juu ya sifa hizo mpaka yafike kwenye vipimo na bei.

Ukiyapeleka kwenye Kiebrania, kila neno linatafuta mahali pa kukaa, na mahali pake pana watu tayari.

Nilianza na milango, na kwa kuwa ni milango ya kuchonga, akili ilikimbilia 1 Wafalme sura ya 6. Hekalu la Sulemani lina milango ya nakshi: makerubi, mitende, maua yaliyofunuka. Mitende na maua! Milango yetu ina mitende na maua. Kitenzi cha kuchonga kilichotumika pale ni 'kala', nami nikakichukua kama kilivyo na kukifanya sifa ya mlango: 'delet kelu'a'. Miimo nikaiita 'mezuzot', kama ilivyo kwenye Kutoka 12, pale Waisraeli wanapoambiwa wapake damu kizingiti cha juu na miimo miwili. Nakshi nikaziita 'pituhim', neno linalotumika kwa mawe yaliyochorwa ya kizibao cha kuhani. Shaba nikaiita 'nehoshet'. Nilijisikia vizuri sana. Nilikuwa naandika kama watu wa Sulemani.

Mume wangu ni mzaliwa wa hapa, fundi mitambo. Nikampa asome. Akasoma huku anakula, akasema 'yafe, yafe', nzuri, nzuri, akarudi kwenye sahani yake. Na hapa niseme mapema: kuzaliwa na lugha hakumfanyi mtu kuwa mhariri. Anayekupenda na ambaye hasomi katalogi za samani atakwambia nzuri. Tafuta mhariri wa kweli, mlipe, na hesabu malipo yake ndani ya bei yako tangu siku ya kwanza. Mimi sikuhesabu, na yalitoka mfukoni mwangu.

Mhariri niliyempata ni mwalimu mstaafu wa shule ya sekondari. Huku hakuna Bi wala Mama. Hata profesa mwenye mvi anaitwa kwa jina lake la kwanza, na mimi mpaka leo ulimi unagoma. Nikawa namwita 'hamora', jinsi watoto wa shule wanavyomwita mwalimu wa kike. Alicheka, akaniacha. Lakini kwenye karatasi hakucheka. Ilirudi imejaa wino, na juu kabisa ameandika: 'Hii imeandikwa na nabii. Nabii anauza meza?'

Tukaketi kwake, akanipitisha neno kwa neno.

'Delet kelu'a', akasema, ni mlango uliosukwa. Kitenzi hicho leo ni cha kusuka nywele na kusuka hala, ule mkate wa Sabato. Pia ni cha kulenga shabaha. Mchezaji wa mpira wa kikapu akiingiza mpira, ndicho hicho. 'Pituah' leo ni maendeleo. Mji wa maendeleo, utafiti na maendeleo, huko ndiko linakoishi, na mteja akisoma kwamba mlango una 'pituhim' atadhani bado unafanyiwa kazi. 'Mezuza' kila Mwisraeli anaijua, ila anachokiona ni kile kisanduku chenye karatasi ya ngozi kinachopigiliwa kwenye mwimo wa kulia wa mlango. 'Ukiandika mlango una mezuzot mbili zilizochongwa,' akaniambia, 'watampigia simu kuuliza kama mezuza zimo kwenye bei.' Fremu ya mlango leo ni 'mashkof', neno ambalo kwenye Kutoka ni kizingiti cha juu peke yake. Maneno yote mawili yapo Kutoka 12, na yote mawili yamehama.

'Nehoshet' lilikuwa jambo zito zaidi kuliko la kuchekesha. Kwenye Biblia linabeba shaba za aina zote, kama Kiswahili kinavyosema shaba kwa nyekundu na ya manjano. Leo nehoshet ni shaba nyekundu. Ya manjano ni 'pliz'. Misumari mikubwa ya milango yetu ni shaba ya manjano. Kuandika nehoshet kwenye katalogi ni kumwambia mnunuzi kwamba anapata madini mengine, na huyo akitaka kurudisha mlango ana haki. Kwa hiyo anayetafsiri bidhaa aanze na madini, mbao na vipimo, halafu ndipo aje kwenye urembo. Urembo ukikosewa watu watacheka. Madini yakikosewa utatafutwa.

Basi nikaacha Biblia, nikaenda kwenye kamusi. Huko nako kuna mashimo yake.

Kwa 'ornate' kamusi iliniwekea safu ya maneno bila kuniambia lipi linaalikwa wapi. 'Mekushat', 'me'utar', 'mehudar', 'mefo'ar', 'metsu'atsa'. Kwa kioo kimoja nikachagua la mwisho kwa sababu nililikumbuka: kwenye Mambo ya Nyakati ya Pili 3:10 makerubi ya Patakatifu pa Patakatifu ni 'ma'ase tsa'atsu'im', kazi ya kuchonga. Hamora akashika kichwa. 'Tsa'atsua' siku hizi ni mwanasesere, ni kitu cha kuchezea mtoto. Kitu kilicho 'metsu'atsa' kimepambwa mpaka kimeharibika, kimejaa vikorokoro. Kwa Kiswahili ningesema kimekwatuliwa. Nilikuwa nimeuza kioo cha bei mbaya kwa kukitukana.

Hayo mengine manne nitayaeleza jinsi ninavyoyatumia sasa, maana hapa ndipo mtu anapoweza kuokoa muda.

'Mekushat' ndilo la kila siku. Keki, ukumbi wa harusi, kibanda cha Sukot, Sikukuu ya Vibanda, kilichotundikwa karatasi za rangi na watoto, vyote ni mekushat. Linasema kwamba kitu kilikuwepo, halafu kikawekwa mapambo juu yake. Kwa hiyo halifai mlango wa kuchonga, kwa sababu nakshi ya mlango haikuwekwa juu, imetoka ndani ya ubao wenyewe. Na likiwa nomino, angalia herufi: 'kishutim' ni mapambo, 'kishu'im' ni yale maboga madogo marefu ya kijani. Tofauti ni herufi moja, na kisahihishi cha kompyuta hakitalalamika, kwa kuwa yote ni maneno halali.

'Me'utar' ni la adabu zaidi. Shina lake ni lile la 'atara', taji. Kurasa za miswada ya zamani, vyombo vya fedha, herufi za mwanzo zilizochorwa dhahabu, hapo ndipo nyumbani kwake, na ndilo nililolitumia zaidi mwishoni. Nomino yake, 'itur', ina mambo mawili. Kwanza, ni nishani pia. 'Itur hagvura' ni nishani ya ushujaa ya jeshi, ya juu kuliko zote. Muktadha unatosha kulitenganisha, ila usiliache peke yake kwenye kichwa cha habari. Pili, lina pacha wa sauti. Kwa matamshi ya siku hizi herufi ayin inasikika kama alef, na tet inasikika kama tav, basi 'itur' kwa ayin na tet ni pambo, na 'itur' kwa alef na tav ni kutafuta mahali kitu kilipo, kama polisi wanavyotafuta gari lililoibiwa. Waliosoma madrasa na wanaojua kutenga ain na alif watafaidi hapa. Sisi wengine tukariri. Mtego huo huo uko kwenye msaji, mti unaotengenezewa milango mingi: kwa Kiebrania ni 'tik', kwa tet. Ukiuandika kwa tav ni mkoba.

'Mefo'ar' ni la majumba, mahekalu na kumbi za wafalme. Meza ya kahawa ikiitwa hivyo inaonekana imevaa nguo za baba yake.

'Mehudar' lina hadithi ndefu zaidi, na mteja wangu alilipenda kuliko yote kwa sababu linanukia pesa. Hoteli ya kifahari ni mehudar. Lakini shina lake ni 'hadar', na hadar imo kwenye Walawi 23:40, tunda la mti mzuri, ambalo kwa mapokeo ya Wayahudi ni etrogi, lile tunda linalofanana na limau kubwa lenye ngozi ya matuta. Kabla ya Sukot utawaona watu sokoni wanalikagua kwa kioo cha kukuzia, wanatafuta lililo mehudar, lisilo na doa. Kuna kanuni nzima inaitwa 'hidur mitzva', kuipamba amri: ikiwa unaitimiza amri, itimize kwa kitu kizuri, kibanda kizuri, shofari (pembe ya kupulizwa) nzuri, gombo la Torati lililoandikwa kwa wino mzuri. Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, hata ikaweka kikomo cha gharama, theluthi moja zaidi ya bei. Nilipoijua kanuni hiyo nilifurahi, maana kwetu nako watu wanatunza Msahafu kwa kitambaa cha zari na hakuna anayeuliza kwa nini. Ila kwa katalogi iliyokuwa inatoka majira yale yale ya Sukot, neno hilo kwenye kila ukurasa lingefanya samani zisomeke kama bidhaa za dini. Tuliliacha mahali pamoja tu, kwenye meza kubwa ya chakula.

Kabati na kasha vilitutesa kwa sababu hiyo hiyo. 'Aron' ni kabati la kawaida kabisa, lakini ndilo sanduku la Agano, ndilo kabati la magombo kwenye sinagogi, na ndilo jeneza. Ukilitia sifa yoyote nzito, msomaji anafikiri sinagogi au mazishi. Kasha la Zanzibar likawa 'teiva', na suala likaisha.

Nikirudi kwenye sifa za Kiingereza, hii 'intricate' ndiyo hatari kuliko zote. Kamusi na programu za kutafsiri zinakimbilia 'mesubakh'. Mesubakh ni jambo lililokwama: kesi, talaka, upasuaji ulioleta madhara. Mlango 'mesubakh' ni mlango usiofunguka. 'Elaborate' nayo inaletewa 'mefurat', ambayo ni ya ripoti na ankara zenye maelezo marefu. Programu zile zinasaidia kwa rasimu ya vipimo na masharti ya usafirishaji, sikatai, nilizitumia. Kwenye urembo zinatoa neno la kwanza la kamusi na kuliweka mbele yako kwa ujasiri usiostahili.

Kwa muda nilikwama. Sio kwa maneno, maneno yalikuwa tele. Nilikwama kwa sababu Kiingereza hakikuniambia mlango umefanywa nini. Nikampigia simu mzee mmoja wa Unguja, fundi seremala, ambaye ni jamaa wa jirani zetu wa Tanga.

'Shikamoo, Mzee.'

'Marahaba, mwanangu. Hujambo huko ugenini?'

Nikamweleza shida, nikamtumia picha. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: 'Hao wanaosema umerembwa sana, wanaulinganisha na upi? Mlango wa nakshi usiorembwa unaujua wewe?' Akaanza kunisomea picha kama mtu anayesoma barua. Hapa kwenye miimo ni mnyororo, umechongwa ukapita mzima kutoka chini hadi juu. Huu wa katikati ni mfaa, umechongwa maua kwa kuinuliwa, yaani umepunguza ubao wa pembeni ili ua litokeze. Kizingiti cha juu, hapa kazi ni ya kuchimba, mstari umeingia ndani. Mabawa hayana nakshi, yana misumari tu. Lile kasha la ukurasa wa nyuma halikuchongwa hata kidogo, lile ni la njumu. Vipande vya shaba vimepigiliwa. Na ile fremu ya kioo imetobolewa, mwanga unapita.

Nikamuuliza maana za samaki na mnyororo na yungiyungi, kwa sababu katalogi ilikuwa na aya nzima juu ya hizo. Akacheka. Akasema waongoza watalii wanajua maana nyingi kuliko waliochonga.

Simu ile ilinipa kazi nzima. Kuchonga, kuinua, kuchimba, kutoboa, kutia njumu: vitenzi vitano, na kila kimoja kina mwenzake wa Kiebrania asiye na utata. Kilichochongwa ni 'megulaf'. Nakshi iliyoinuka ni 'tavlit'. Mstari uliochimbwa ni 'harut'. Kilichotobolewa ni 'menukav'. Kilichotiwa njumu ni 'meshubats'. Na misumari ni 'masmerim', ambayo Mswahili yeyote anaisikia bila kufundishwa, kwa kuwa msumari wetu, mismari ya Waarabu na masmer ya Waebrania ni ukoo mmoja. (Tahadhari ndogo kuhusu megulaf: mtu akiwa 'begilufin', amelewa kidogo. Hamora alinieleza kwa furaha isiyo ya kawaida.)

Na hapo nikaona kwamba Kiswahili kilikuwa kinanisaidia kuliko Kiingereza. Sisi hatuna sifa tupu ya 'ornate'. Tunasema mlango ulionakshiwa, kasha lililotiwa njumu, kanzu iliyodariziwa; tunataja kitenzi, na kitenzi kinasema mkono ulifanya nini. Kiebrania kinafanya vivyo hivyo, megulaf na meshubats na rakum (kilichodariziwa) ni vitenzi vilivyogeuka kuwa sifa. Sifa inakuja nyuma ya nomino kama kwetu, na inafuata nomino kama ngeli zinavyotaka. Kuanzia siku hiyo sikutafsiri tena moja kwa moja kutoka Kiingereza. Niliangalia picha, nikauandika mlango kwa Kiswahili, ndipo nikaupeleka kwenye Kiebrania. Sentensi iliyokuwa inasema mlango 'ornate' wa kuchonga kwa mkono wenye maua 'intricate' na misumari 'elaborate' ikawa: mlango wa msaji uliochongwa kwa mkono, kwenye fremu, maua na majani yaliyoinuliwa, kwenye mabawa, misumari ya shaba ya manjano.

Ngeli zao ni mbili tu, za kiume na za kike, lakini zina hila kwenye samani hasa. 'Delet', mlango, ni ya kike: 'delet megulefet'. 'Shulhan', meza, ni ya kiume, lakini wingi wake, 'shulhanot', unaishia kama wa kike, na sifa inabaki ya kiume: 'shulhanot megulafim'. 'Kise', kiti, ni vivyo hivyo. Anayenakili na kubandika sifa kutoka ukurasa wa milango hadi ukurasa wa meza atakosea kila mstari. Nilitengeneza jedwali la nomino zote za katalogi na jinsia zake, nikaliweka wazi kando muda wote.

Kwa istilahi zilizobaki, mahali paliponifaa kuliko kamusi ni makumbusho. Kwenye Makumbusho ya Israeli, hapa Yerusalemu, kuna masinagogi kadhaa ambayo sehemu zake za ndani zimehamishwa na kujengwa upya humo: moja la Cochin, India, lenye mbao za kuchonga, moja la Vittorio Veneto, Italia, lililojaa dhahabu, na dari ya mbao ya Horb, Ujerumani, iliyochorwa 1735, simba na maua na ndege kila pembe. Maelezo yamebandikwa kwa Kiebrania na Kiingereza pamoja. Ni tafsiri iliyokwisha kuhaririwa, na kitu chenyewe kiko mbele ya macho yako. Kwa nakshi za Kiislamu, arabeski na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa, nilikwenda kwenye Makumbusho ya L.A. Mayer, nayo iko mji huu huu. Nenda na daftari. Pia Akademia ya Lugha ya Kiebrania, iliyoundwa 1953, ina orodha za istilahi mtandaoni bila malipo na inajibu maswali ya watu wa kawaida. Lugha yao ni rasmi mno kwa muuza meza, ila inakwambia tahajia sahihi.

Mteja hakuifurahia rasimu mpya. Alisema kavu. 'Nauza ndoto,' akaniambia, 'wewe unaniandikia orodha ya fundi.' Alikuwa na hoja, kwa kiasi. Katalogi si ripoti. Tukabishana kwa simu, kwa ule ukweli mkavu wa hapa wanaouita 'dugri', ambao bado unaniacha nikitetemeka kidogo baada ya kukata simu ingawa kwao ni mazungumzo ya kawaida. Tulikubaliana: kila ukurasa neno moja kubwa, mahali anapochagua yeye, mradi lisiwe miongoni mwa yale niliyoyapiga marufuku. Alichagua vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwenye kile kioo, baada ya kukitazama tena, akasema kwamba kusema kweli kimezidi, na akataka kujua kama 'metsu'atsa' inaweza kurudi kwa utani. Hamora akasema inaweza. Ikarudi.

Halafu likaja la mpangilio wa kurasa, ambalo hakuna aliyenionya. Kiebrania kinakwenda kulia kwenda kushoto, tarakimu zinabaki kushoto kwenda kulia, na vikichanganyika, programu ya mpangaji wa kurasa inaweza kuamua yenyewe kipi kitangulie. Mlango wa sentimita 120 kwa 240 ulitoka 240 kwa 120. Mabano yaligeuka migongo. Kwenye ukurasa mmoja herufi zote zilijipanga kinyume, na mpangaji, ambaye hasomi Kiebrania, hakuona tofauti. Dai nakala ya mwisho kabla ya uchapaji, isome kutoka kwenye ukurasa uliopangwa, usiisome kutoka kwenye faili lako. Kwa vipimo, andika 'upana' na 'urefu' kwa maneno mbele ya kila tarakimu. Mstari unakuwa mrefu, lakini hauna namna ya kugeuka.

Sasa pesa. Nilikubali malipo kwa neno, na sikuuliza neno la lugha gani. Kiebrania kinabandika 'na', 'kwenye', 'kutoka' na 'yule' mbele ya neno kama kiambishi. Maneno manne ya Kiingereza yanakuwa moja. Isitoshe, nilikuwa nimefuta sifa zote zisizo na kazi. Hesabu ilipofanywa kwa maneno ya Kiebrania, malipo yalipungua sana kuliko nilivyotegemea, na kadiri nilivyofanya kazi vizuri ndivyo nilivyolipwa kidogo. Kubaliana kwa maneno ya chanzo, kwa maandishi. Na uliza siku ya kulipwa. Huku kuna utaratibu unaitwa 'shotef plus': mwezi wa ankara uishe, kisha ziongezwe siku, thelathini au sitini. Ukitoa ankara mwanzoni mwa mwezi umejiongezea kusubiri. Itoe siku za mwisho. Mhariri hasubiri shotef plus, anataka chake akimaliza, na ana haki.

Baada ya katalogi ile nilipata kazi ya pili kupitia hamora mwenyewe, ya kitabu cha maelezo ya vitambaa na vyombo vya sinagogi: mapazia ya kabati la Torati, vifuniko vya magombo, mataji ya fedha na yale mapambo ya juu ya miti ya gombo, yenye njuga ndogo, yanayoitwa 'rimonim', makomamanga. Humo mambo yaligeuka. Kutoka 26 inatenganisha 'ma'ase rokem', kazi ya mtarizi, na 'ma'ase hoshev', kazi ya mtu anayefikiri, na wasomaji wa kitabu kile walitaka maneno hayo hayo. Nehoshet, pituhim, hata mefo'ar, vyote nilivyokatazwa Jaffa vilipita bila wino mwekundu. Kitu kimoja tu kilirudi kimezungushiwa: nilikuwa nimeandika taji la Torati ni 'megulaf', nalo ni la waya mwembamba wa fedha uliosukwa, 'filigran', kazi ambayo mafundi wa Kiyahudi kutoka Yemen wanasifika kwayo. Sikuwa nimeona taji lenyewe, nilitegemea picha ndogo. Siku hizi naomba picha kubwa, ya mbele na ya ubavuni, kabla ya kutaja bei; bei naihesabu kwa idadi ya maneno ya Kiingereza, na nusu nachukua mwanzoni.